Ana B+, Lakini Mlango wa Uuguzi Umefungwa: Kwa Nini?

Siku matokeo ya KCSE ya 2023 yalipotangazwa, Januari 2024, ploti yetu hapa Umoja haikulala mapema. Jirani yetu wa ghorofa ya pili alinunua kreti mbili za soda, na mkewe akapika chapati ambazo hata watoto wa ploti ya pili walizionja. Binti yao, kifungua mimba, alikuwa amepata B+. Tangu akiwa darasa la tano msichana huyo alikuwa akisema atakuwa muuguzi kama shangazi yake. Sasa nani angemzuia?

Kemia ndiyo iliyomzuia. Alikuwa amepata C.

Wazazi wake wameniruhusu kusimulia kisa hiki bila kutaja majina, kwa sababu, kama babake alivyoniambia, "afadhali wengine wasome kwa pesa zangu." Nami nakiandika kwa ajili yako, mzazi uliyetundika matokeo ya mwanao ukutani, na kwa ajili yako, mwanafunzi unayehesabu wastani wako kila mwisho wa muhula. Wengi wetu tunaamini ukishapata wastani mzuri, chuo kikuu kitajipanga chenyewe. Kwa kozi nyingi imani hiyo haina madhara makubwa. Kwa uuguzi inaweza kukugharimu mwaka mzima na kiasi cha fedha usichoweza kukirudisha.

Masharti yenyewe

Hapa Kenya anayeamua nani afae kusomea uuguzi si chuo kikuu peke yake. Liko Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa chini ya Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257. Baraza hilo ndilo linalopanga kiwango cha chini cha kuingilia mafunzo, ndilo linalokagua na kuidhinisha vyuo, ndilo linalotahini wanaohitimu, na ndilo linalotoa leseni. Kwa maneno mengine, chuo kitakupa shahada na joho la mahafali, lakini idhini ya kumdunga mgonjwa sindano hutoka kwa Baraza. Chuo kinaweza kupandisha kiwango cha kuingilia kuliko kile cha Baraza. Kukishusha hakiwezi.

Kwa anayetoka sekondari moja kwa moja kwenda kusomea Shahada ya Sayansi ya Uuguzi, kiwango hicho ni wastani wa C+ katika KCSE. Juu ya wastani huo, sharti uwe na C+ au zaidi katika kila mojawapo ya masomo haya: Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili.

Tafadhali soma sentensi hiyo tena polepole, na ulitafute neno "au". Limo kati ya Hisabati na Fizikia, na limo kati ya Kiingereza na Kiswahili. Kwa Baiolojia na Kemia halimo kabisa. Hayo mawili hayana mbadala. Ukiwa na A ya Fizikia, haikufidii C ya Kemia. Ukiwa na A ya Historia, nayo ni hivyo hivyo.

Kuhusu lugha, nina furaha kuwakumbusha wale wanaokidharau Kiswahili darasani kwamba hapa kina uzito sawa na Kiingereza. Mwanafunzi aliyeteleza katika Kiingereza akapata C, lakini ana B ya Kiswahili, ametimiza sharti la lugha. Ajue tu kwamba masomo yenyewe chuoni hufundishwa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na ripoti ya mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Na kama ana ndoto ya kwenda kufanya kazi Uingereza chini ya mapatano ambayo serikali yetu ilitia sahihi na nchi hiyo mwaka wa 2021, atapimwa Kiingereza huko mbele.

B+ iliyoficha C

Utauliza, mtoto wa B+ alipataje C ya Kemia? Nami niliuliza. Jibu liko katika jinsi wastani unavyopigwa siku hizi.

Tangu mtihani wa 2023, gredi ya wastani ya KCSE hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Zamani masomo mawili ya sayansi yalikuwa lazima yahesabiwe. Sasa si lazima. Utaratibu huu umewasaidia wengi, na sina ugomvi nao. Lakini unaweza kuifunika gredi mbaya ya sayansi kama zulia linavyofunika ufa sakafuni.

Hebu tuipige hesabu ya binti huyo pamoja. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6. Alifanya masomo manane. Hisabati alipata B-, hizo ni 8. Kiswahili A-, 11. Masomo matano bora yaliyobaki yalikuwa Dini A, 12. Historia A-, 11. Biashara B+, 10. Kiingereza B, 9. Na Baiolojia B-, 8. Jumla ni pointi 69 kati ya 84, na B+ huanzia pointi 67 hadi 73. Kemia yake, somo la nane, haikuguswa kabisa. Wastani haukuitaja, na nyumbani hakuna aliyeitazama mara ya pili.

Sasa mweke kando yake kijana mwingine wa kubuni tu, ambaye hakuna aliyemnunulia soda. Hisabati C+, Kiingereza C+, Kiswahili C, Baiolojia B-, Kemia C+, Jiografia C, Kilimo B-. Jumla yake ni pointi 49, yaani C+ ya kawaida. Huyu ametimiza masharti ya Baraza. Yule wa B+ hakuyatimiza.

Hiyo haina maana kwamba wa C+ atapata nafasi kwa urahisi. Hapo ndipo tunapoingia katika jambo la pili ambalo watu hulichanganya na la kwanza.

Kutimiza masharti si kupata nafasi

Wanaotaka kusoma kwa udhamini wa serikali huomba kupitia KUCCPS, lile shirika lililochukua mahali pa iliyokuwa JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Shirika hili kwanza huangalia kama una gredi zinazotakiwa katika masomo ya kozi uliyoomba. Usipokuwa nazo, ombi lako halipiti. Ukiwa nazo, ndipo unapopangwa foleni na wenzako kwa pointi za kundi la masomo.

Pointi hizo huchanganya mambo mawili: jinsi ulivyofanya katika masomo manne yanayohusu kozi, ambayo jumla yake haizidi 48, na jinsi ulivyofanya kwa jumla katika yale masomo saba ya pointi 84. Kwa uuguzi, Baiolojia na Kemia zimo, na Hisabati au Fizikia imo. Ndiyo sababu mtu mwenye C+ nne kamili anaweza kutimiza kila sharti na bado akakosa nafasi katika chuo chenye waombaji wengi. Pointi za mtu wa mwisho kuchukuliwa hubadilika mwaka hadi mwaka na chuo hadi chuo. KUCCPS huonyesha kwenye tovuti yake za mwaka uliotangulia. Zitazame kabla ya kupanga machaguo yako, na usiweke machaguo yote katika vyuo vinavyogombaniwa. Chuo Kikuu cha Nairobi na Moi havipo peke yao. Kenyatta, Jomo Kenyatta, Maseno, Masinde Muliro na Pwani hufundisha shahada hii, na upande wa vyuo vya kibinafsi kuna Baraton, Kenya Methodist na vinginevyo.

"Njoo tu, tutarekebisha"

Binti wa jirani yangu alipojaribu kuomba uuguzi, mtambo ulimkatalia. Babake akadhani ni hitilafu ya tovuti. Wakarudi saiba mara tatu. Kisha rafiki wa kazini akamwambia ziko taasisi za kibinafsi zisizopitia KUCCPS, unapeleka karatasi ya matokeo mkononi na unaandikwa siku hiyo hiyo. Ni kweli, mwanafunzi anayejilipia anaweza kuomba moja kwa moja chuoni, na vyuo vingi vya kibinafsi hufanya hivyo kwa njia safi kabisa. Walichokosea ni kudhani kwamba njia hiyo ina masharti mapunguvu.

Huko walikokwenda, mtu mmoja wa ofisini aliitazama ile B+, akatabasamu, akasema, "Njoo tu, hiyo Kemia tutarekebisha." Mzee akalipa karo ya muhula wa kwanza, pesa ya malazi, na mavazi meupe yenye nembo. Mamake akapiga picha binti akiwa ndani ya mavazi hayo. Niliiona hiyo picha, na mimi pia nilimpongeza bila kuuliza swali hata moja. Mimi mtu wa magazeti!

Kilichofuata ni hiki. Mwanafunzi wa uuguzi akishaingia chuoni, jina lake na vyeti vyake hupelekwa kwa Baraza ili aandikishwe kama mwanafunzi na kupewa nambari, ile ambayo wenyewe huiita indeksi. Bila nambari hiyo hahesabiwi kuwa mwanafunzi wa uuguzi mbele ya sheria, na mtihani wa Baraza hawezi kuufanya hata akikaa chuoni miaka kumi. Vyeti vya binti vilipofika, Kemia ikaonekana. Wenzake wakapata nambari, yeye hakupata. Alishauriwa abadilishe kozi. Karo haikurudi.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kutoa hata shilingi moja katika chuo chochote, uliza mambo mawili. Je, kozi hii ya shahada ya uuguzi, katika bewa hili hasa, imeidhinishwa na Baraza? Na je, gredi za mwanangu zitakubalika akipelekwa kuandikishwa? Usiridhike na jibu la mdomo wala la brosha. Baraza huchapisha orodha ya vyuo lilivyoidhinisha, na ofisi zake ziko hapa Nairobi. Ukiambiwa kwamba kuna kozi fupi ya kuziba pengo la somo fulani, au kwamba gredi za mitihani ya miaka miwili tofauti zitaunganishwa, omba maandishi kutoka kwa Baraza lenyewe. Aliyekalia kiti cha usajili chuoni anatafuta wanafunzi. Si lazima awe mtu mbaya, lakini kazi yake si sawa na yako.

Waliosoma mifumo mingine, kama vile ya Uingereza au ya nchi jirani, hupeleka vyeti vyao kwanza kwa Baraza la Mitihani, KNEC, vilinganishwe na KCSE. Shughuli hiyo huchukua muda. Ianze mapema.

Njia ya diploma

Aliyekosa gredi moja hajatengwa na taaluma hii. Diploma ya uuguzi huhitaji wastani wa C, yaani C isiyo na alama ya kujumlisha wala kutoa, pamoja na C katika Baiolojia na C katika Kiingereza au Kiswahili. Kisha utahitaji angalau C- katika somo moja tu kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Linganisha na yale ya shahada na utaona tofauti: hapa Kemia ina mbadala. Diploma hiyo hutolewa na KMTC, ambayo nafasi zake siku hizi pia huombwa kupitia KUCCPS, na vyuo kadhaa vilivyo chini ya hospitali za misheni na za kibinafsi.

Muuguzi wa diploma aliyesajiliwa anaweza baadaye kurudi kusomea shahada kwa muda mfupi kuliko anayeanza mwanzo. Vyuo vingi humtaka awe na cheti cha usajili, leseni halali na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. Wauguzi wengi wenye shahada unaowaona leo walipita huko. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na stashahada ya juu ya uuguzi tangu 1968, kwa ajili ya wauguzi waliokuwa kazini tayari. Shahada yenyewe ilianza pale mwaka wa 1992.

Na ukiamua kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, hakuna aibu. Angalia tu kalenda, kwa maana KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangwa kufanywa mwaka wa 2027.

Walio nyuma yao

Hao waliobaki katika 8-4-4 walishachagua masomo yao. Lililobaki kwao ni kuyashikilia. Mwanafunzi aliyeiacha Fizikia, kama wengi wafanyavyo, afahamu kwamba ile "au" ya Hisabati na Fizikia imemtoka mkononi: amebaki na Hisabati peke yake, nayo sharti iwe C+. Nimezungumza na wasichana kadhaa wanaoichukia Hisabati na waliokwisha kuiacha Fizikia, huku wakisema wanataka uuguzi. Hawajawahi kuambiwa kwamba mambo hayo matatu hayakai pamoja.

Kwa watoto wa mtaala mpya, ambao kundi lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, uamuzi unakuja mapema zaidi. Wanachagua mkondo wakiwa Gredi ya 9, na ndani ya mkondo wa sayansi wanachagua masomo matatu. Masharti niliyoyataja yaliandikwa kwa gredi za KCSE, na kundi hilo litamaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Lakini mwili wa binadamu haubadiliki na mtaala. Anayewaza uuguzi asikubali mchanganyiko usio na Baiolojia na Kemia, hata kama shule anayoipenda haina mwingine. Afadhali abadilishe shule.

Wavulana pia nawasemesha. Bado kuna akina baba wanaocheka mwana wao wa kiume akisema anataka kuwa nesi. Ingia wodi yoyote kubwa mjini uhesabu wanaume waliovaa mavazi hayo, kisha urudi tuzungumze.

Miaka minne na zaidi

Shahada huchukua miaka minne. Si miaka ya kukaa darasani tu. Mwanafunzi huzungushwa wodi za watu wazima na za watoto, chumba cha kujifungulia, chumba cha upasuaji, kliniki za mashinani, na hospitali ya wagonjwa wa akili, kama ile ya Mathari kwa walio Nairobi. Kuna zamu za usiku. Kuna siku ya kwanza ya kuona mtu akikata roho, na hiyo haimo katika masharti ya kuingilia, ingawa pengine ingefaa kuzungumzwa nyumbani kabla ya fomu kujazwa. Baada ya miaka hiyo kuna mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, ambao wahitimu wamekuwa wakilazimika kuusubiri serikali inapochelewa kuwatuma.

Ukipanga bajeti, usihesabu karo peke yake. Uliza kuhusu mavazi na viatu, nauli ya kwenda hospitali wanakofanyia mazoezi, malazi wanapopelekwa kaunti nyingine, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ada za Baraza za kuandikishwa na za mtihani. Aliyepata nafasi kupitia KUCCPS aombe mkopo wa HELB mara anapopata barua ya kuitwa. Wengi hungoja hadi wiki ya kuripoti, kisha huanza kuzungusha kofia ya harambee.

Siku ya kuripoti beba cheti halisi cha KCSE au karatasi ya matokeo iliyopigwa muhuri na shule, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kama umefikisha miaka 18, na nakala kadhaa za kila kimoja. Majina yafanane herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na cha KCSE kina mawili, shughulikia jambo hilo sasa, si wakati wa kuandikishwa na Baraza.

Binti wa jirani yangu sasa yumo katika chuo cha diploma. Gredi zake zilitosha huko bila taabu: Baiolojia alikuwa na B-, Kiingereza B, na Hisabati ikasimama mahali pa Kemia. Nilikutana naye kwenye ngazi wiki mbili zilizopita, ametoka zamu ya usiku, viatu mkononi. Nilimuuliza kama bado anataka shahada. Alisema ameshahesabu mwaka atakaoomba. Kisha akaniomba nimwambie babake asimpeleke mdogo wake, aliye Gredi ya 9, katika shule ile aliyoipendekeza rafiki yake wa kazini mpaka wajue kama ina maabara ya Kemia.